Pumzika, Mwalimu

Siku ya kwanza mwalimu alidhani ni mguu wake mwenyewe.

Mwanafunzi alikuwa anashuka mteremko wa kuelekea sokoni, kaung'ang'ania usukani kama anayening'inia kwenye kamba, na mkokoteni wa nyanya ukakatiza barabara mbele yao. Gari la mafunzo lina klachi na breki nyingine upande wa abiria, ili mambo yakiharibika mwalimu aokoe roho za watu. Mwalimu akanyanyua mguu. Kabla haujafika, breki ikashuka yenyewe. Ilishuka taratibu, kwa adabu, na gari likasimama bila kutikisika.

"Asante, mwalimu," kijana akasema, anahema.

Mwalimu akatazama kiatu chake. Bado kilikuwa hewani.

Mtu aliyechoka hata kushangaa ni kazi. Alikuwa amezeeka katika shule ile ya udereva: asubuhi darasani, mbele ya ubao wa alama za barabarani, akisukuma vigari vya plastiki juu ya meza kuonyesha nani ampishe nani; mchana barabarani, jua la utosini, pembeni ya mtoto wa watu anayekanyaga mafuta akidhani ni breki. Mkewe alizoea kumkuta mezani amesinzia na tonge mkononi.

"Hiyo kazi itakuua, baba watoto."

"Afadhali hiyo," alikuwa anamjibu. "Itaniua nimekaa."

Mwaka ule aliongezewa mzigo mwingine, mpwa wake. Dada yake alikuwa na binti mmoja tu, na aligoma kumkabidhi kwa mwalimu mwingine yeyote. Wenzake darasani walimwita binti huyo Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akigeuza gari, akirudi nyuma, hata gari likizima katikati ya makutano na watu wanapiga honi.

"Mjomba, huyu anayetupigia honi, yeye alizaliwa anajua?"

Alasiri moja, baada ya chakula, mwalimu alikuwa na mwanafunzi mwingine kwenye barabara iliyonyooka kando ya kiwanja cha mpira. Kope zilikuwa nzito. Ndani ya gari kukaingia harufu ya nguo mbichi zilizokunjwa zikasahaulika sandukuni. Kisha, nyuma ya sikio lake, sauti. Haikuwa ya kike wala ya kiume. Ilikuwa na huruma, kama ya mtu anayekutandikia kitanda.

"Pumzika, mwalimu. Nitawaangalia mimi."

Alipaswa kupiga kelele. Alipaswa kusimamisha gari, kusoma dua, kufungua mlango na kukimbia. Akafumba macho.

Alipoyafumbua walikuwa kwenye uwanja wa shule, gari limeegeshwa katikati ya koni za mazoezi, sawasawa kama limepimwa kwa rula. Mwanafunzi alikuwa amekaa kimya, mikono mapajani.

"Umeendesha vizuri," mwalimu akasema.

Mwili wake ulikuwa mwepesi. Jioni ile alikaza bawaba za mlango wa jikoni zilizokuwa zinalia tangu mvua zilizopita, akamtania mkewe mpaka mkewe akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Kesho yake harufu ikaja tena, na sauti, na usingizi. Na keshokutwa. Bosi wa shule akawa anamsifu mbele ya wenzake: gari halina mkwaruzo, vijana hawarudi wanalia. Mwalimu akaitikia tu. Aliyepata kivuli haulizi mti ni wa nani.

Ila darasani kulikuwa kunabadilika. Alianza mmoja kulaza kichwa mezani, halafu mstari mzima. Haukuwa usingizi wa vijana. Walilala macho nusu wazi, midomo imekauka, mabega yameshuka kama ya wapagazi. Mama mmoja akapiga simu.

"Mwalimu, mnawafanyisha nini huko? Mwanangu anarudi kama katoka kubeba zege."

"Simu hizo, mama. Wanakesha nazo."

Akakata, na moyo wake ukamwambia wewe ni mwongo.

Chiriku ndiye aliyemvunja. Siku hizo aliingia garini, akafunga mkanda, akaendesha, akashuka, bila neno. Mwishowe mama yake akaja shuleni mwenyewe, kanga imekaa upande, akamvuta mwalimu nyuma ya ukuta.

"Kaka, mwanangu haongei. Hali. Akilala anataja alama za barabarani, moja moja, kwa sauti ya kukwama. Jana kakaa kitandani, kashika kiuno, kaniambia, 'Afadhali hiyo. Itaniua nimekaa.'" Akashusha sauti. "Kaka, hayo si maneno yako?"

Mwalimu akaomba aelekezwe kwa mganga.

Mganga aliyeelekezwa alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, chumba chake nyuma ya saluni, mashine za kukaushia nywele zikinguruma ng'ambo ya ukuta. Akamsikiliza mpaka mwisho, akapenga kamasi.

"Ulimkubalia?"

"Sikumjibu hata neno."

"Ulilala?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Basi ulimjibu. Sikiliza, baba. Jini hana pa kuutupa uchovu. Anauhamisha. Wako kautoa kwako, kawatwisha watoto. Ukitaka moshi nitakufukizia, lakini moshi utakutuliza wewe, yeye hatikisiki. Mdai kilicho chako."

"Nikimdai?"

"Utarudi wote kwa mkupuo. Na wewe si kijana."

Alasiri iliyofuata akamweka Chiriku kwenye usukani, gari limezimwa, uwanja mtupu, jua linachoma koni. Akakaa upande wake akangoja. Harufu ikaja, nzito kuliko siku zote, na vioo vikaingia ukungu kwa ndani kana kwamba gari zima limejaa watu wanaohema.

"Pumzika, mwalimu."

"Nirudishie uchovu wangu."

"Nani mwingine amewahi kukuambia upumzike?" sauti ikanong'ona. "Bosi wako? Dada yako, aliyekuongezea mzigo? Mimi nimekukosea nini?"

Kope za mwalimu zilikuwa zimeanza kushuka, na pembeni yake mpwa wake alikuwa ameshika usukani kwa mikono iliyokakamaa kama ya bibi kizee, macho hayapepesi, na katika vidole vile vichanga aliona tetemeko lake mwenyewe, lile analolijua kila jioni akishika kijiko, akajiuma ulimi mpaka akaonja damu, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Ni wangu! Niliuchuma mwenyewe, lete!" na ukaja, miguuni kwanza, halafu magotini, kiunoni, ukampanda mgongo pingili kwa pingili, asubuhi zote na alasiri zote alizozikwepa, mpaka kidevu kikaanguka kifuani na mate yakamtoka asiweze kuyafuta.

Ukungu ukaondoka kwenye vioo.

"Mjomba?" Chiriku akapiga mwayo mrefu. "Mbona joto hivi? Mbona umekunjamana?"

Mwalimu akalia kwa furaha, bila sauti, maana hata kupaza sauti kulimshinda. Ndani ya shule vijana walisikika wakiinuka, viti vinaburuzwa, mtu anacheka. Hakuweza kunyanyua mguu, kwa hiyo Chiriku akawasha gari kumpeleka nyumbani, na njiani akaongea kufidia kimya chote.

"Ujue sikuwa nimelala, mjomba. Mwili ndio uliokuwa unaendesha, mimi nilikuwa hapo kiti cha nyuma. Tulikuwa wote hapo nyuma, tumebanana, tunakuona kisogo. Tunakuita, husikii."

"Mmetoka... wote?"

"Sisi tumetoka." Akapunguza mwendo. "Amebaki yule dada."

"Dada gani?"

"Tulimkuta. Ana sare ya shule ya udereva nisiyoijua. Anasema mwalimu wake alilala, akiamka atakuja kumchukua."

Mwalimu akataka kugeuka. Shingo ikamkatalia.

Chiriku akasogeza gari kando ya barabara, akalisimamisha. Akatazama kioo cha ndani, kisha akaongea polepole, kama mtu anayepokea salamu za mwingine.

"Mjomba, anauliza kama huyo mwalimu wake ni wewe."