Damu Iliyozoea

Shiundu anaishi mtaa wa Komarock, Nairobi, na mkewe, Roseline. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Ni mtu wa kujua kila kitu, na hapendi kuulizwa maswali.

Desemba walienda kwao Kakamega na watoto wao, Ayuma na Phares. Roseline alitaka kubeba neti za mbu.

"Neti za nini?" Shiundu alicheka. "Mimi nimekua na malaria. Damu yetu imezoea."

Wiki moja baada ya kurudi, Ayuma alipata homa.

"Ni hii baridi ya Nairobi tu," Shiundu alisema. Akanunua dawa ya maumivu dukani.

Siku ya nne Ayuma alishikwa na degedege. Alifariki kabla ya kufika hospitali, na huko wakapima damu wakakuta malaria. Alikuwa na miaka mitano.

Jirani yao Ndinda, mhudumu wa afya ya jamii, alikuja matangani.

"Mbona watoto wa ndugu yangu kule Kakamega ni wazima?" Shiundu alimwuliza.

"Baba Ayuma, ukiugua surua mara moja, mwili huvikumbuka virusi vyake maisha yote. Vimelea vya malaria ni wajanja. Hubadilika kila mara, kama mwizi anayebadilisha koti. Watoto wa kule huumwa mara kwa mara, na miili yao hujifunza kupigana polepole. Hata hivyo, wengine hufa. Ayuma alizaliwa hapa Nairobi. Mwili wake haukuvijua kabisa."

"Na damu yangu?"

"Kinga hiyo mtoto hairithi kwako. Hata wewe umekaa Nairobi miaka kumi na miwili. Yako imepungua sana."

Ningependa kusema Shiundu alikubali. Hakukubali. Alimkasirikia Ndinda mwezi mzima, maana kumkasirikia jirani ni rahisi.

Lakini Aprili walipoenda tena Kakamega, ni yeye aliyefunga neti. Wote walilala ndani yake. Hata hivyo, mbu mmoja alimpata Phares jioni, nje. Waliporudi Komarock, mtoto akawa na joto. Saa hiyo hiyo Shiundu alimbeba hadi zahanati.

"Tumetoka Kakamega," alisema hata kabla ya kuketi. "Mpimeni malaria."

Phares alidungwa kidole. Malaria ilionekana. Alimeza dawa zote, na baada ya siku tatu alikuwa nje akicheza.

Akiwa mlangoni, Shiundu alimtazama.

"Kumpima kulichukua dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi na tano," Roseline alijibu. "Kwa Ayuma tulikuwa na siku nne."