Pamba ya Mfarishi wa Hulkar

Kofia ya kwanza ilirudishwa siku ya Jumanne, na aliyeirudisha hakutaka fedha zake. Alikuwa Sodik fundi viatu, ami yake bwana harusi aliyeoa wiki iliyopita. Alisimama langoni kwa Mukadam akiwa ameishika kofia kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyebeba panya kwa mkia.

"Ina kasoro gani, ami?" Mukadam aliuliza. "Imekubana?"

"Haikunibana. Kichwa changu na kofia zako tunaelewana miaka mingi." Sodik alitazama pembeni. "Ina joto."

"Kofia nyeusi, na jua la Chust ndilo hili. Ulitaka iwe baridi kama tikiti la kisimani?"

"Niliiweka ndani ya sanduku, dada. Ikalala humo. Asubuhi nimeigusa, moto vile vile, kama paji la uso la mgonjwa." Aliteremsha sauti. "Halafu inanuka siki."

Akaiweka juu ya kitanda cha uani, akaondoka bila kuonja chai, jambo ambalo Sodik hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu yeyote.

Mukadam aliiokota. Ilikuwa na unyevu kwa ndani. Hakuhitaji kuinusa. Mwishoni mwa majira ya baridi, kwa siku tisa, alikuwa akichovya kitambaa katika siki na kukilaza juu ya paji la bintiye Hulkar, kinakauka, anachovya tena. Siku ya kumi hakukuwa na haja ya kitambaa. Hulkar alikuwa na miaka saba.

Kila kofia aliyoshona Mukadam ilisimama kwa sababu ya kitu kisichoonekana. Kati ya kitambaa cheusi na bitana alipiga mishono iliyokaribiana kama mistari ya daftari, kisha katika kila mfereji akasukuma, kwa kijiti chembamba, utambi wa pamba iliyosokotwa. Wanunuzi husifu viua vinne vya umbo la lozi vilivyodariziwa kwa hariri nyeupe. Hakuna anayeuliza pamba imetoka wapi.

Katika mji ule, nguo za maiti na matandiko aliyofia ni haki ya mwosha maiti. Ndiyo ada, na hakuna anayebishana nayo. Sharofat, aliyemwosha Hulkar, alipewa nguo, godoro na mto. Mfarishi mdogo wa kujifunikia, wenye maua mekundu, hakupewa. Mukadam alikuwa ameusukumia ndani ya sanduku la unga. Hakufikiri lolote, mikono ndiyo iliyofanya.

Arobaini ilipopita, mumewe alijiandaa kurudi Urusi kwenye kazi za ujenzi, na mama mkwe akasema atasafisha ghala. Mfarishi ungeonekana. Mukadam akaufumua. Akaianika pamba, akaichambua, akaanza kusokota tambi. Baadaye likaja agizo la kofia kumi, za bwana harusi, jamaa zake na rafiki zake. Hulkar alipenda harusi mno. Akisikia parapanda tu, ametoka mbio bila viatu. Basi na aende, Mukadam alijisemea. Acheze na wenzake. Nani atajua?

Ni mawazo ya mtu ambaye hajalala. Lakini wakati ule yalimpa nguvu ya kupika na kufua.

Kufika Alhamisi, kofia nyingine tatu zilikuwa zimetundikwa langoni ndani ya mifuko ya nailoni. Wenyewe hawakubisha hodi.

"Umetia nini humo, mkwe wangu?" aliuliza Robiya, mama mkwe wake. "Pilipili?"

"Pamba, mama."

"Pamba haimfanyi mwanamume mzima akimbie." Robiya alikuwa akizunguka ua na kikaango chenye moshi wa mbegu za harmali, za kufukuza husuda, akifukiza kila kona na kukohoa mwenyewe. "Nimeona watu wakirudisha mchele, wakirudisha hata bibi harusi. Kofia, sijaona."

Mchana wa Ijumaa, saa ile ya jua la utosi ambayo wazee wa Chust huiogopa kuliko usiku, Mukadam alizinduka usingizini kwa sababu nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Mahali pa Zebo, binti yake wa miaka minne, palikuwa patupu. Alitoka uani. Zebo alikuwa amekaa chini ya mzabibu, amempa mama yake mgongo, kofia moja ya kiume imemfunika hadi kwenye nyusi, na alikuwa akizungumza kwa sauti ndogo, akinyamaza, akiitikia, akinyamaza tena, kama mtu anayepewa maelekezo; na katika kila kimya Mukadam alisikia, si kutoka kinywani mwa mtoto bali kutoka kwenye zile kofia tatu zilizobaki juu ya kitanda cha uani, vikohozi viwili vifupi na kuvuta kamasi, vikohozi viwili na kuvuta kamasi, vile vile alivyokuwa akikohoa Hulkar, kama anayeomba radhi kwa kumwamsha mama.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na Hulkar." Zebo hakugeuka. "Kichwa kinamuuma. Amechoka kukibeba. Anasema nimpokee kidogo."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia haya, lete."

Mukadam alimvua kofia. Nywele za Zebo zilikuwa zimelowa chapachapa, na paji lake lilikuwa moto.

Homa haimsubiri mtu amalize kulia. Alimbeba hadi zahanati. Daktari akampima, akasikiliza kifua, akasema kifua ni safi, akatoa dawa. Homa haikushuka. Jumamosi Zebo alianza kukohoa: mara mbili, kisha kuvuta kamasi. Robiya, aliyekuwa akikanda unga wa mkate, aliacha mikono ndani ya unga.

"Hicho kikohozi si cha huyu mtoto," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, mama."

"Mukadam. Umefanya nini?"

Akamweleza. Robiya alisikiliza hadi mwisho, akakung'uta unga mikononi. Mukadam alingoja matusi.

"Nenda kwa Sharofat," alisema mama mkwe. "Na usipitie njia ya nyuma kama mwizi. Yametosha."

Sharofat mwosha maiti aliishi mwisho wa mtaa, kwa sababu watu hawapendi kupakana naye ukuta. Mukadam alijikuta juu ya paa, Sharofat akiwa chini kwenye ua wa pili anapanga aprikoti kwenye ungo.

"Shuka huko kwa jirani, mimi siko juu," Sharofat aliita. Mukadam, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa amepanda ngazi ya jirani. Aliposhuka, yule mama alikuwa amekwisha kumtandikia mkeka. "Nimekungoja tangu theluji iyeyuke. Mfarishi uko wapi?"

"Ulijua?"

"Mtoto hafi bila kujifunika, na baridi ile. Nilihesabu nilichopewa, nikanyamaza. Nilisema, mama ameumia, akipoa ataleta. Hapo nimekosa. Ningekudai."

Mukadam alieleza habari za kofia, za vikohozi, za Zebo. Kisha akauliza alilokuja kuuliza hasa.

"Ni yeye? Niambie kweli, dada. Ni yeye?"

Sharofat alifuta vidole vyake vyenye utomvu. "Mwanao nilimwosha kwa mikono hii. Alikuwa amepoa. Wafu hawana homa, Mukadam. Hicho ni kitu kilichokuwa kikipita njia. Kimekuta nyumba imeachwa wazi, ndani mna jasho la mtoto na machozi ya mama, kimeingia kikavivaa kama unavyovaa koti la mtu mwingine."

"Kina sauti yake."

"Kitakuwa na sauti gani nyingine? Ndiyo iliyokuwemo. Kusanya kofia zako. Pamba yote, hadi unyuzi. Utanipa kwa mkono wako na kusema umeridhika. Uridhike kweli, nitajua."

Siku hiyo Mukadam alizunguka mji akidai kofia alizouza. Hakuna aliyebisha. Mmoja alikuwa ameizika chini ya mforosadi, akamwonyesha pa kuchimba. Kwa bwana harusi, ilikuwa imefunikwa kwa sufuria uani, bibi harusi aliinua sufuria kwa mti, akiwa mbali, akasema, "Samahani, mama. Viua vyake nilivipenda sana."

Jumapili mchana wakafumua. Mukadam na Robiya walikaa kwenye kitanda cha uani, kila mmoja na wembe wake, na Sharofat alikaa akiwatazama, kitambaa cheupe kimetandazwa mapajani. Tambi zilitoka moja moja, za manjano, zenye maji, zenye joto kama mkate uliotoka tanurini. Chumbani, Zebo alikuwa amelala macho nusu wazi, haitiki tena akiitwa. Kadiri rundo la pamba lilivyokua, kikohozi kiliacha kutoka chumbani na kuanza kutoka kwenye rundo, na harufu ya siki ikapanda hadi macho yao yakatoa machozi, na majani ya mzabibu yakaacha kucheza ingawa upepo ulikuwa ukipeperusha nguo kwenye kamba ya jirani, na Robiya akawa anasoma sura aliyoijua tangu utotoni, akiikosea, akiirudia, akiikosea pale pale, hadi utambi wa mwisho wa kofia ya mwisho ulipotoka na sauti ikasema kutoka ndani ya pamba, taratibu, kwa adabu:

"Mama, kwani nimekosa nini?"

Wembe ukamponyoka Mukadam.

"Usimjibu," alisema Sharofat. "Nipe."

Mukadam alilibeba rundo kwa mikono miwili. Lilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala. Alilishika kitambo, na Sharofat hakumharakisha.

"Nimekupa," alisema mwishowe.

"Na nini tena?"

Chumbani Zebo alivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi ndefu.

"Nimeridhika. Chukua. Nimeridhika."

Akaliachia. Majani ya mzabibu yakatikisika. Harufu ikakatika ghafla, kama taa iliyozimwa. Baada ya muda, sauti ya Zebo ikaita kutoka chumbani, kavu, ya kawaida, yenye kulalamika: alitaka tikiti, na alitaka likatwe na bibi kwa sababu mama hukata vipande vidogo.

Robiya aliinama akalia juu ya magoti yake. Mukadam hakulia. Alimtazama Sharofat, aliyekuwa akiipima pamba viganjani na kukunja uso.

"Kitu kimetoka hapa," alisema Sharofat. "Lakini pamba haikutimia. Mfarishi wa mtoto wa miaka saba naujua uzito wake. Kitu hiki hakiondoki kirahisi hivi, ila kikiwa na mlango mwingine uliofunguliwa. Kofia nyingine anayo nani?"

Mukadam alifumba macho. Kabla ya zile kumi, alishona moja. Alimvisha mumewe asubuhi ya safari, kwa mikono yake, akamwambia baridi ya huko si mchezo.

Alimpigia Jumatatu, saa ya mapumziko ya mchana. Akatokea kwenye kioo cha simu, ameketi kitandani ndani ya kontena wanamolala wajenzi, kofia kichwani. Mashavu yake yalikuwa mekundu.

"Zebo hajambo, baba Zebo," Mukadam alianza. "Amepona."

"Zamani ulikuwa ukiniita baba Hulkar."

Jina hilo halikuwahi kumtoka Mukadam mdomoni tangu mazishi.

"Hiyo kofia ivue," alisema. "Ifunge kwenye kifurushi, uitume leo. Nilitia pamba ya mfarishi wake. Nilikosea. Si yeye aliyemo, mume wangu. Sharofat amesema si yeye."

Mumewe hakushtuka. Aliinua mkono akaigusa kofia, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyebebwa mabegani.

"Sharofat hajui kwamba alikuwa akinishika sikio nikimbeba. Huyu anajua. Mwanzoni alikuwa mbali, wa kusikia tu. Tangu jana mchana amekuja kabisa, kama mtu aliyehama na mizigo yake."

Uani, Zebo alikuwa akila tikiti, juisi ikimchuruzika hadi kwenye viwiko. Mukadam alimtazama yeye, kisha akaitazama simu. Alijua la kusema. Alikuwa amelipanga tangu alfajiri: ichome kama huwezi kuituma, una mtoto aliye hai. Kinywa kikatoa jingine.

"Bado anakohoa?"

"Amepona, mama Hulkar." Alitabasamu, na tangu mazishi Mukadam hakuwa amemwona akitabasamu. "Siku nzima anacheka tu."

Akageuza uso pembeni. Vikohozi viwili vifupi. Akavuta kamasi, kisha akamrudishia mkewe macho, kama anayeomba radhi.

"Anayekohoa ni mimi."