Aliyekaa Nyuma ya Nikeli

Asubuhi vikanyagio vya nyuma vilikuwa vimeshushwa tena.

Mshona viti alivikunja kwa kisigino, kimoja upande huu, kingine upande ule, kama alivyofanya jana yake, kisha akarudi ndani kubandika chai huku akimsema mumewe moyoni. Vikanyagio vile ni vya abiria. Pikipiki ikilala barazani haina abiria, kwa hiyo hukaa vimekunjwa, tena chuma chake ni kigumu, mpaka ukikanyage kwa nguvu ndipo kikubali. Havishuki kwa upepo. Huvishusha mtu anayetaka kupanda.

"Ni wewe unayevishusha?" alimuuliza mumewe mezani.

"Nivishushe nimpakie nani?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Mume alicheka, akabeba kitambaa chake akaenda kusugua pikipiki. Mtaa mzima ulimwita Nikeli kwa sababu ya kusugua huko. Kazini alikuwa dereva wa winchi tu, mtu wa kutumwa huku na huku, lakini nyumbani, mbele ya pikipiki ile, alikuwa bwana mkubwa. Na tusiseme uongo, chombo chenyewe kilistahili. Cha Kijapani, cha enzi za ujana wa baba zao, silinda mbili, tangi lina mashavu ya nikeli inayong'aa kama kioo, ambayo ukijitazama unajiona umenenepa, na ekzosi zake zilikoroma kwa sauti nene ya kiungwana, si kama hizi za siku hizi zinazolia kama nyigu. Aliikuta chini ya turubai kwenye ghala lililohamwa, magurudumu hayana upepo, na bosi wake akamwambia aiondoe, maana hapendi kuiona. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi na mafuta, akapiga kiki moja ikawaka. Pikipiki iliyolala miaka yote hiyo haiwaki kwa kiki moja. Nikeli alifurahi mno hata hakujiuliza.

Kiti alimletea mkewe, maana ndiyo kazi yake. Alikuwa na kibanda ubavuni mwa nyumba, cherehani nzito ya kushonea ngozi, na hakuna dereva wa pikipiki mtaani pale ambaye hakuwa amekalia kazi ya mikono yake. Alipochana ngozi ya zamani alikuta sponji ya njano iliyobonyea mahali pawili. Pa mbele palikuwa pamekauka na kupasuka nyufa. Pa nyuma palikuwa laini, tena pana joto, kama pahali mtu alipoinuka sasa hivi.

"Hii nitupe," alisema. "Nikuwekee mpya."

"Usithubutu! Hiyo ni ya asili, imetoka nayo kiwandani."

Wapenda pikipiki za zamani wana wazimu wao. Badilisha hata nati moja, watakaa matanga. Mshona viti aliona upuuzi, akauma midomo, akaivika sponji ileile ngozi mpya nyeusi.

Siku ya mapumziko walitoka wawili, kama walivyokuwa wakitoka kabla hawajaoana, kwa barabara ya nje ya mji inayopinda na kuteremka. Mwanamke huyu alipenda kupakiwa kuliko sherehe yoyote. Alipenda ile sauti inayopanda kutoka kwenye injini mpaka kwenye mbavu, harufu ya petroli na majani mabichi, na kifua chake kikiwa kimegusa mgongo wa mumewe. Lakini siku hiyo alikaa kwenye ncha ya kiti, nusu yake hewani.

"Sogea mbele!" alimpigia kelele.

"Nimeshagusa tangi!"

"Basi punguza kula!"

Alinyoosha mikono amshike kiuno, haikufika. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu, na nafasi hiyo ilikuwa imejaa baridi, na ndani ya baridi hiyo mlinuka marashi matamu ya kizamani pamoja na nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa mbichi. Alirudi nyumbani mapaja yanamuuma na roho imemchafuka. Marashi yale hayakuwa yake.

Tangu hapo kila jambo lilimtia hasira. Nikeli alichutama nyuma ya pikipiki akalalamika, bila hata haya, "Nyuma inakaa. Nimekaza springi mpaka mwisho, bado inakaa kama nimepakia mtu." Mashati yake yalirudi yananuka marashi yaleyale. Kisha muuza mkate wa kona, ambaye kila uchafu wa mtaa hupitia kinywani mwake kabla ya kufika kwingine, akamvuta pembeni.

"Dada, mimi si mtu wa maneno."

"Sema tu."

"Shemeji jana kapita hapa kapakia mtu. Kajifunika gubigubi, kamkumbatia mpaka nikaona haya mimi."

Mshona viti alichukua mkate wake akaondoka. Kesho yake, jua likiwa la utosi, alifunga kibanda akaenda kusimama kwenye makutano anayopitia mumewe akirudi kwa chakula, na alipoisikia ile sauti nene ikija alijibanza nyuma ya nguzo, akaiona pikipiki inapunguza mwendo, nikeli inawaka jua, Nikeli uso mbele anapiga mluzi, na nyuma yake, palepale kwenye ngozi aliyoishona yeye kwa sindano yake, amekaa mtu aliyefunikwa shuka jeupe lisilopepea hata kidogo ingawa upepo ulikuwa mkali, mikono yake mirefu imezunguka kiuno cha mumewe na vidole vimekutana tumboni, na walipompita, yule mtu akageuza kichwa taratibu akamtazama, ila pale penye uso palikuwa shuka tu, limenyooka, halina pua wala mdomo.

Binadamu mwingine angekimbia. Hasira ilimpofusha huyu. Aliona mwanamke amejifunika asijulikane, basi. Alifika nyumbani anahema, akamkuta mumewe ananawa mikono, yuko peke yake.

"Umemshusha wapi?"

"Nani?"

"Huyo malaya wako wa shuka!"

"Mke wangu, naapa, sijampakia mtu. Sijawahi."

"Nimekuona kwa macho yangu haya! Kwenye kiti changu!"

Alikwenda kibandani akarudi na kisu cha kukatia ngozi. Nikeli alipiga yowe kama mtu anayechinjiwa mtoto, lakini kisu kilikwisha kuzama. Alikata nusu yote ya nyuma, ngozi na sponji, akaibwaga kwenye rundo la vipande vyake kibandani. Kiti kilibaki cha mtu mmoja.

"Haya," alisema. "Sasa tuone atakaa wapi."

Vikanyagio havikushuka tena. Mshona viti alijiona mshindi, akala akashiba. Furaha hiyo haikudumu. Nikeli alianza kurudi kazini ameinama, anaburuta miguu kama mtu aliyebeba gunia. Alishindwa kuegemea kiti, akashindwa kulala chali. Chakula akakiacha. Jioni moja mkewe alimvua shati kwa nguvu amkague, akaona kiuno chote kimezungukwa na alama nyeusi za vidole, virefu kuliko vidole vya mtu, vimekutana tumboni.

"Nini hiki?" alinong'ona.

"Usiseme kwa sauti," Nikeli alijibu, machozi yakimtoka. "Nikimtaja anabana."

"Yuko wapi?"

"Mgongoni. Hana pa kukaa."

 Mume wake hakuwa amesema uongo, hata neno moja, naye alikuwa amemtukana, amemkatia kiti chake cha asili, na kwa mkono wake mwenyewe amemtwisha kitu hiki mgongoni. Alijichukia. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, hasira ikamhama yeye ikamgeukia yule mwenye shuka.

Tabibu wa majini aliyeitwa na mshona viti alifika kesho yake alfajiri, mwanamke mfupi mwenye miwani minene na mkoba. Hakutaka chai. Alinusa mlangoni, akainama akaitazama pikipiki.

"Nani amekata kiti?"

"Mimi."

"Hasira zako zitakuua, mwanangu, na kabla ya hapo zitamuua huyu." Alimwonyeshea kidole Nikeli, aliyekuwa amejikunja sakafuni, pumzi inakata. "Huyu jini ni wa kupakiwa. Alizoea kupanda na mwenye pikipiki wa kwanza, akaachwa ghalani na kiti chake. Akiwa na kiti hagombani na mtu. Mmemnyang'anya, ndiyo maana anamkalia dereva. Leo anabana kiuno, kesho atafika shingoni. Kile kipande kipo?"

Fundi wa kushona hatupi kipande. Alikichambua kwenye rundo, akakirudisha mahali pake kwa uzi mnene, huku tabibu akisoma kwa sauti ya chini na kukigongagonga kiti kama anayemkaribisha mgeni. Marashi yalijaa baraza mpaka koo likawasha. Kikanyagio cha kushoto kikashuka, tak. Cha kulia, tak. Springi zikalia, nyuma ya pikipiki ikakaa chini, na Nikeli pale sakafuni akavuta pumzi ndefu akanyooka.

"Mrudishe alikotoka," tabibu alinong'ona. "Endesha wewe. Ukifika fungua kiti, kiache palepale, uondoke. Halafu ushone kingine, sponji mpya, kitoshe mtu na mwenziwe, basi. Usiache nafasi hata ya kiganja. Kwake nafasi ni kama kuambiwa karibu."

"Viti ndiyo kazi yangu, mama," mshona viti alijibu kwa ukali. "Sihitaji kufundishwa."

Tabibu alifunga mkoba wake.

Aliendesha. Mikono ile ilimzunguka kiuno kabla hajatia gia ya pili, baridi yake ikapenya nguo mpaka tumboni, na kwenye kioo cha pembeni aliona weupe uliojaa kioo kizima, na kadiri barabara ilivyozidi kuwa tupu ndivyo vidole vilivyozidi kubana na ndivyo naye alivyozidi kutukana, matusi yote aliyoyajua na mengine aliyoyatunga njiani, akilia, akipandisha gia, injini ikikoroma chini yake kwa utamu ambao siku nyingine ungemfanya aimbe, mpaka lango la ghala likatokea mbele na turubai la zamani bado liko chini pale lilipoachwa.

"Shuka!" alipiga kelele. "Umembana mume wangu umeshiba! Shuka!"

Mikono ikaachia. Springi zikapanda. Alifungua nati za kiti kwa spana, akakilaza juu ya turubai, akaondoka bila kukitazama tena. Alirudi mjini amesimama wima juu ya vikanyagio vya mbele kwa kukosa pa kukalia, nywele timutimu, watu wakimshangaa barabara nzima. Alikuwa anacheka.

Nikeli alipona. Alama zilififia, hamu ya kula ikarudi, kitambaa cha kusugulia kikarudi mkononi. Aliiomboleza sponji yake ya asili kwa siri, mkewe akijifanya haoni. Naye akakaa kwenye cherehani kushona kiti kipya, kizuri kuliko vyote alivyopata kushona. Alipofika kwenye kipimo, maneno ya tabibu yalimjia, na yalimchoma. Usiache nafasi! Yule mama anajua nini? Sponji mpya hunywea, ngozi hujivuta, kila fundi huacha ziada kidogo, na asiyeacha, kazi yake humrudia mlangoni. Alikata na ziada yake, kama alivyokata maisha yake yote.

Siku ya mapumziko walitoka. Asubuhi ilikuwa nzuri, injini imeshiba mafuta mapya inanguruma taratibu, barabara inapinda na kuteremka. Mshona viti alimkumbatia mumewe, kifua kimegusa mgongo, hakuna kitu kati yao, akafumba macho kwa raha.

"Umekaa vizuri, mke wangu?" Nikeli aliuliza.

"Vizuri kabisa."

Kwenye mteremko pikipiki ilizama nyuma, kidogo tu, springi zikalia. Mshona viti alifumbua macho. Marashi. Nyayo mbili za baridi zilikuwa zimepanda juu ya miguu yake pale kwenye vikanyagio, zikakaa hapo, na kitu kikakaa kwenye ile ziada nyuma yake, kikaegemea mgongo wake polepole, na mikono mirefu ikampita pande zote mbili ikitafuta kiuno cha dereva.

Shuka la baridi lisilo na mdomo likagusa sikio lake, na sauti ikatoka ndani yake.

"Sogea mbele."

Alikaza mikono kumzunguka mumewe, hasira ikampanda pamoja na hofu hata asijue ipi ni ipi, akasaga meno.

"Sisogei," alisema.

"Unasemaje?" aliuliza Nikeli, akicheka, akaongeza mwendo.