Mwanamume Aliyekubali Kuanguka

“Dada, nguvu zako ziko wapi?”

Mwanamke niliyepangiwa kupambana naye aliniuliza kwa sauti ya chini, mashavu yetu yakikaribia kugusana. Nilikuwa nimemkamata ukosi na mkono wa koti, nimegeuka, nimemwingizia nyonga kama nilivyofundishwa, nimevuta. Hakwenda popote. Nikavuta tena. Alisimama pale kama kabati la nguo, na niliona kabisa kwamba ananionea huruma.

Ulikuwa mtihani wangu wa mkanda wa njano wa judo. Kwa mtupo huo huo nilikuwa nambwaga Fundi Lifti kila siku ya mazoezi, mwanamume anayebeba mota begani kama mtu aliyebeba mto. Siku hiyo nikashindwa kumtikisa mwanamke tunayelingana kimo.

Nilipofeli, Mwalimu wetu aliniita pembeni. Ni mama mfupi asiyejua kupindisha maneno.

“Wewe humvuti mtu,” alisema. “Unageuka, halafu unasubiri aanguke. Hiyo tabia umeipata kwa mwenzako wa mazoezi.”

“Fundi Lifti?”

“Na mimi nina kosa, niliwaacha pamoja muda mrefu. Niliona mapenzi yenu, nikasema ya kwenu hayo. Sikujua yameingia mpaka kwenye mkeka.”

Usinione mtu wa kununa kwa ajili ya mkanda. Ngoja nikueleze. Mimi napiga pasi kwenye duka la dobi, na naishi peke yangu chumba cha juu kabisa, kwenye jengo la ngazi nyingi. Mwaka jana, jua halijazama vizuri, mwanamume alinikamata kifundo cha mkono kwenye zile ngazi. Alichukua mkoba na simu akaenda zake. Mkoba niliusahau. Nilichoshindwa kusahau ni kwamba nilimsihi aniachie naye akazidi kubana, na mwili wangu ukaganda kama wa mtu mwingine.

Tangu hapo nikawa nalala na kiti nimekiegemeza mlangoni. Kwa dada yangu niliacha kwenda, maana kutoka huko ningerudi jioni. Wiki nzima ilikuwa inapita bila mtu kunigusa hata bega, na nikijidanganya kwamba ndivyo ninavyotaka. Jirani akiwasha televisheni nilipunguza sauti ya yangu, nisikilize watu wa kwake wakicheka.

Ndipo nikaanza judo, na Mwalimu akanipanga na Fundi Lifti. Naye alikuwa mkiwa kama mimi. Alikuwa akisema kazi yake ni kukutana na watu wakiwa wameshakasirika. Baada ya mazoezi tulikaa kwenye kizingiti cha ukumbi tukinywa chai ya chupa yake, na siku moja akaniuliza kama ningekubali kuolewa naye. Nilimwambia jibu atalipata siku ya mkanda. Sikutaka kuingia kwenye ndoa kama mtu anayetafuta mlinzi. Nilitaka kwanza nijue mikono yangu inaweza.

Na niliamini inaweza. Kiti nilikirudisha mezani. Nikaanza tena kwenda kwa dada, nikapanda ngazi gizani huku nikisikiliza muziki masikioni, kwa sababu kuna mwanamume mkubwa anayeanguka nikimgusa.

Simu ilitetemeka nikiwa njiani kutoka kwenye mtihani. Siku hiyo aliitwa kazini, hakuweza kuja.

“Dobi wangu, vipi? Nimekwama huku, kuna mtu ndani ya lifti. Niambie umefaulu.”

Nikamjibu: “Ulikuwa unaanguka mwenyewe?”

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha likaja neno moja.

“Ndiyo.”

Akapiga hapo hapo. Nilipokea.

“Siku ya kwanza ya ule mtupo nilisimama imara,” alisema. “Ukaganda. Midomo ikakauka, machozi yakakutoka, nikaona nimekurudisha kwenye zile ngazi. Nikajiangusha. Ukacheka. Sikuwahi kukuona ukicheka.”

“Ndiyo ukaendelea.”

“Nilisema kesho nitakaza kidogo. Kesho ikifika, naikumbuka ile sura.”

“Unajua nimekuwa napita wapi miezi hii? Unajua narudi saa ngapi?”

Alianza kujibu, nikamkatiza.

“Ulinipa ujasiri ambao haupo,” nilimwambia. “Ningekuja kuujua ukweli nikiwa nimekabwa.”

“Nisamehe. Nilikupenda vibaya.”

“Ulinionea huruma. Usije kwangu.”

Nilikata. Usiku ule kiti kilirudi mlangoni.

Dada yangu nilipomsimulia kwa simu alicheka mpaka nikataka kukata. Aliniambia wenzangu wanadanganywa kwamba mtu hana mke, kumbe ana wawili, mimi nimedanganywa na mtu anayejipigiza chini kwa ajili yangu. Nilimjibu kwamba yeye ana mume na watoto sebuleni, mimi nina ngazi. Akaacha kucheka. Akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi kwenye mazoezi kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Niliomba kubadilishiwa, nikapewa Mama Mapacha, mwanamke mwenye miguu iliyoota mizizi na asiyeona haya kumkalia mtu kifuani. Huyo hakunipa chochote bure. Nilirudi nyumbani na michubuko, napiga pasi mashati ya watu huku bega likiuma, na hakuna wa kumwambia kwamba leo nimemyumbisha kidogo. Upande wa pili wa ukumbi Fundi Lifti alifanya mazoezi na wengine. Hakunisogelea. Chai yake aliinywa amesimama. Nilimkumbuka, tena nilimkumbuka sana, na hilo lilinitia hasira zaidi.

Siku moja Mama Mapacha hakuja. Nikavuka ukumbi, nikasimama mbele ya Fundi Lifti.

“Nikamate,” nilisema. “Kama mtu asiyenijua.”

“Sitaki kukuumiza.”

“Hukuniuliza kama nataka kuhurumiwa. Sasa nakuomba. Nikamate.”

Alimtazama Mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Basi akanikamata, na kwa mara ya kwanza nikaujua uzito wake. Niliingiza nyonga, nikavuta mpaka nikaona nyota. Hakusogea. Akanizungusha, akanilaza, akanibana chini kwa kifua chake chote, kifundo cha mkono wangu kikiwa mkononi mwake.

Mwili ukaganda. Ilikuwa ngazi tena, ilikuwa kifundo kile kile. Macho yake niliyaona yamejaa machozi, lakini hakulegeza, kwa sababu nilikuwa nimemwomba asilegeze.

Kwenye judo kuna sheria moja inayozidi zote. Ukizidiwa, unapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, na aliyekubana lazima aachie. Miezi yote ile sikuwahi kuitumia kwake, maana hakuwahi kunibana. Nikatafuta kiganja changu cha pili. Kilikuwa mbali, lakini kilikuwepo. Nikakiinua, nikapiga mkeka, nikapiga tena.

Aliachia papo hapo, akasogea pembeni, akakaa na mikono yake magotini ili niione ilipo.

Nililia pale chini, nikitazama dari. Nililia kwa sababu niliomba kuachiwa na mtu mwenye nguvu akaniachia. Sikujua kama nilikuwa nalisubiri jambo hilo kuliko mkanda, na kuliko kumwangusha yeyote.

“Nisogee karibu?” aliuliza.

“Sogea.”

Akasogea kidogo, akasimama mbele yangu.

“Lile swali lako,” nilisema.

“Sidai jibu leo. Hukupata mkanda.”

“Nakupa jibu. Ndiyo. Ila siku nikikubwaga, uwe umeanguka kweli.”

“Na nisipoanguka?”

“Utakaa umesimama hivyo hivyo mpaka nijue kukuangusha.”

Alifuta uso kwa mkono wa koti, akaninyooshea mkono wa pili. Nikaushika, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Hakuyumba hata kidogo, nikainuka.