Maji ya Msasa Chini ya Migomba

Gari lilikuwa jeusi, lakini maji yalitoka mekundu.

Straton aliinua msasa, akautazama, akauchovya tena kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akasugua. Mwenye kazi hiyo ya kupaka magari rangi anajua: ukisugua rangi nyeusi kwa msasa wa maji, uji unaoteremka ni mweusi, na ukisugua nyeupe unateremka mweupe. Rangi haina tabia ya kudanganya. Asubuhi ile, nyuma ya nyumba yake pale Mushaki, kwenye milima ya Masisi, uji mwekundu uliteremka juu ya chuma cheusi ukadondoka chini taratibu, na Straton, ambaye Mungu alimpa mikono mizuri na kichwa kigumu, akajiambia ni udongo wa barabara ya Walikale ulionasa kwenye rangi. Akaendelea na kazi.

Sasa mtu ataniuliza chuma cha gari la musungu kilikuwa kinatafuta nini nyuma ya nyumba ya mtu mweusi. Ngoja, nakuja huko. Musungu Hubert, mwenye shamba la pareto juu ya kilima, alirudi kutoka Walikale na gari lake kubwa la Amerika likiwa limebonyea mbele upande wa kulia. Alisema amegonga nyati. Damien, fundi wa bati pale garaji ya shamba, alifungua kile chuma kinachofunika gurudumu, sisi tunakiita gadibu, akakinyoosha kwa nyundo. Halafu kikawa kazi ya Straton: kuondoa rangi ya zamani, kuziba, kupaka upya, kusugua na kung'arisha mpaka asiwepo mtu wa kusema hapa paligongwa. Uwanja wa garaji ulijaa vumbi la maua ya pareto yaliyoanikwa, na chembe moja ikitua juu ya rangi mbichi kazi yote imeoza. Ndiyo maana Straton alikuwa akibeba vipande hadi kwake, anavilaza juu ya magogo katikati ya migomba, mahali upepo haufiki.

Na maji? Kwenye kilima kile maji yanapanda kwa kichwa cha mwanamke kutoka bondeni. Hakuna mtu wa Masisi anayeyamwaga njiani. Yaliyoosha sahani yanakwenda kwenye mgomba, yaliyoosha miguu yanakwenda kwenye mgomba, na ya sabuni ndiyo yanapendwa zaidi kwa kuwa wanasema yanafukuza wadudu wa shina. Straton alimwaga ndoo ya kwanza, akamwaga ya pili, ardhi ikanywa yote.

Ardhi ile ilikuwa na mazoea ya kunywa. Marehemu baba yake, mzee Kanyamibwa, alikuwa amejenga hapo kijumba cha nyasi cha kulishia wazimu, roho za wafu wa ukoo, pombe kidogo, ugali kidogo, na kuwaita kwa majina waje wale. Straton alipobatizwa alikikata kile kijumba akakichoma moto mbele ya katekista. Vizuri sana. Lakini katekista alibatiza mtu, hakubatiza udongo.

Alikuwa na tabia moja, Straton, ambayo wenzake waliicheka: alizungumza na chuma. Alifumba macho akapapasa kwa kiganja, maana kwenye kazi hii jicho ni la kusifu tu, kiganja ndicho kinachojua. Palipobonyea alipakuta pana joto, joto la mwili wa mtu mwenye homa, na ukungu wa Mushaki ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani. Akapasugua polepole zaidi, na sabuni zaidi. Akawa anasema kama kawaida yake: tulia, Mama, nakuosha, tuko karibu kumaliza, tutakwenda nyumbani.

Gadibu ilirudi kwenye gari ikiwa inang'aa hata kuku wakajitazama. Hubert alipitisha kidole, akacheka, akampa Straton sigara. Kwa Straton hiyo ilikuwa wiki nzuri. Nyumbani alikuwa na Nyiraneza, mke asiye na maneno mengi, na Émile, kitoto ambacho bado hakijaota jino. Wawili waliomtangulia Émile walikuwa wamelala kwenye makaburi ya misheni, wote walikataa titi wakakauka, na tangu hapo Straton alikuwa na ombi moja tu mbele ya Mungu, asubuhi na jioni: huyu abaki.

Basi Émile akakataa titi.

Hakulia. Hilo ndilo lilimtisha Nyiraneza kwanza. Mtoto mwenye njaa analia, lakini huyu aligeuza uso, akalamba midomo, akasinzia kama aliyeshiba. Alikuwa akicheka akiangalia mlango wa nyuma. Kinywa chake kilinuka sabuni ya garaji, na shingo yake ikazidi kuwa nyembamba. Maziwa ya mama yake yakajaa mpaka yakalowesha nguo.

Halafu ikaanza sauti. Mchana, ukungu ukishuka, nyuma ya nyumba palisikika mtu anasugua, shwaa, shwaa, polepole, kama Straton akiwa kazini, na Straton alikuwa ameketi sebuleni na bakuli la maharage mkononi. Akatoka. Migomba ilikuwa imesimama, magogo yalikuwa matupu, lakini juu ya magogo palikuwa na maji, na kutoka hapo hadi mlangoni nyayo za mtu mwembamba, zimelowa, kidole cha mwisho kimejikunja, zikaingia ndani, zikapita kando ya mafiga, zikaishia kwenye mkeka wa mtoto. Zilizoingia tu. Za kutoka hazikuwepo.

Nyiraneza aliziona pia. Akamvuta mume wake mkono, akanong'ona:

"Baba Émile, kuko mwanamuke humu mu nyumba. Nikilala mchana, namusikia iko nanyonyesha. Minafungua macho, mutoto iko peke yake, na mudomo yake iko nacheza."

Straton alimwambia ni uchovu. Mwongo mkubwa.

Alikwenda kwa Damien, akamwuliza kuhusu nyati. Damien alizima moto wa kuchomelea, akafunga mlango wa garaji, akakaa juu ya tairi. Alisema ndani ya ile gadibu hakukuta hata unywele wa nyati. Alikuta kipande cha nguo, nguo ya kubebea mtoto, imejizungusha kwenye bolti. Musungu alikichukua akakitia kwenye jiko, akamwambia mwenye mdomo hana kazi. Dereva wa lori aliyetoka Walikale ndiye aliyemaliza habari: mwanamke wa Kinyanga, wale watu wa msitu wa Walikale, alikuwa anavuka barabara na mtoto mgongoni. Yeye walimfukia kando ya barabara bila kuoshwa, maana hapakuwa na ndugu. Mtoto alirushwa kwenye korongo, hawakumpata.

"Ulijua, ukaninyamazia," Straton akasema.

"Nilikuwa na woga. Hata wewe ungenyamaza."

Na hapo Damien hakusema uongo.

Kulikuwa na mama mmoja pale Mushaki, Mama Hélène, mzaliwa wa msitu wa Walikale, aliyeolewa na mwashi. Misa hakukosa, na mizizi yake hakuitupa, ingawa aliificha chini ya picha ya Bikira ili Padri asiione. Alikuja mchana kweupe na kikapu, kama mtu anayekwenda kununua maharage. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka hadi migombani, akachimba kidogo kwa kidole, akanusa udongo, akakaa chini palepale kwenye matope.

Akauliza maji ya kusugulia chuma yalimwagwa wapi. Straton akamwonyesha. Akauliza hapo zamani palikuwa na nini. Straton akamweleza. Akauliza, wakati wa kusugua, alisema maneno gani. Straton akainamisha kichwa, akayarudia: tulia, Mama, nakuosha, tutakwenda nyumbani.

Hélène alifunika mdomo kwa kitambaa.

"Kwetu, muntu akikufa mu damu, wa ukoo njo wanamuosha, na ile maji inaenda mu mutoni yenye kukimbia, ili naye aende," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuoshwa na muntu. Wewe njo ulimuosha. Na sabuni, na mukono ya pole. Ukamwita Mama. Ukamumwaga pale fasi mulikuwa munalisha wafu wenu. Papa Straton, yeye hajue kama amekufa. Anajua bwana yake alimurudisha nyumbani."

"Basi mufukuze."

"Mwenye hasira njo ninafukuza. Huyu hana hasira. Anawapenda."

Alisema kuna njia moja, nayo ya hatari. Straton aende kwenye gari, achukue msasa mkali, aifute rangi yote mahali palipogongwa mpaka chuma kilie, mpaka bonde la kile kipigo lionekane, halafu amwambie mwanamke kwa sauti: hapa njo ulikufia. Maji ya msasa huo amletee yeye Hélène, atayapeleka mtoni. Na afanye haraka. Maziwa ya mfu hayajengi mwili. Yule ni mama, ataona mtoto anakonda, na akiona atatafuta titi lenye maziwa ya kweli. Aliposema hivyo alimtazama Nyiraneza, akamshika bega, akamwambia asikae peke yake.

Straton hakusubiri. Alijua kuharibu gari la musungu ni fimbo mbele ya watu na jela ya Masisi, na akirudi hatakuwa na kazi wala nyumba ya shamba. Alimwacha mke wake na jirani, Mama Valérie, akapanda kilima na ndoo.

Gari lilikuwa peke yake chini ya paa la bati. Alipiga magoti mbele ya gadibu, akalowesha msasa, na ndipo alipoona kazi yake mwenyewe, ile rangi nyeusi isiyo na doa aliyojivunia, imemshika yeye mzima kama kioo, uso wake na paa na ukungu nyuma yake, na ndani ya ukungu ule mwanamke mwembamba amesimama amemwinamia begani kama mke anavyomwinamia mume aliyeko kazini, nguo imelowa, mgongoni hana kitu, na mikono yake miwili imeshika hewa mbele ya kifua, inaipembeleza, na macho yake yanamwuliza kwa nini mtoto hanenepi. Straton hakugeuka. Alihisi baridi ya nguo ile kwenye shingo. Aliuweka msasa juu ya rangi, akafungua mdomo aseme yale maneno.

Mwanamke akatoweka kwenye rangi. Palibaki ukungu.

Na hapohapo Mama Valérie akamwita kutoka chini ya kilima, anakimbia, khanga mkononi, anacheka na kulia. Mtoto amenyonya. Amenyonya pande zote mbili, ameshiba, amecheua. Alimwacha Nyiraneza peke yake kidogo tu, aende kuchukua moto kwake, na aliporudi alimkuta na mtoto kifuani.

Straton alibaki amepiga magoti. Hakuwa mjinga kiasi hicho. Alielewa kabla Mama Valérie hajamaliza kuvuta pumzi. Aliutazama msasa, bado uko juu ya rangi, haujakwaruza hata unywele. Kuvuta mara moja tu. Akawaza makaburi mawili ya misheni. Akauinua mkono, akaukunja msasa, akautia mfukoni.

Njiani alimkuta Hélène anasubiri na kibuyu chake.

"Umefanya?"

"Nimefanya."

Alimwuliza maji yako wapi. Straton akamwambia yamemwagika kilimani, yameteremka yenyewe mpaka mtoni. Yule mama akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani moto ulikuwa umewashwa vizuri. Mke wake alikuwa ameketi kwenye mkeka, Émile amelikumbatia titi kwa mikono yote miwili, anameza kwa sauti, shavu lake limeanza kupata rangi. Mke alikuwa anaimba chini kwa chini wimbo wa Kinyanga, na Nyiraneza hakujua Kinyanga hata neno la salamu. Aliinua uso ule ambao Straton aliuoa kanisani, akamtabasamia kwa furaha nyingi. Alikuwa amenyoosha miguu kwenye mwanga. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja.

"Papa," akasema, "mutoto yetu anapona."

Ndipo nje, upande wa migomba, mtu akaita. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyelowa na baridi, isiyo na maneno mengi. Ilimwita Baba Émile. Ilimwomba afungue, kwa kuwa hakujua amefikaje huko nje na mikono yake haioni. Ikaita tena. Mtoto aliachia titi, akageuza uso kuelekea mlango wa nyuma, akaanza kulia.

Straton alisimama. Akauendea mlango, akatia komeo, akaliwekea na gogo. Halafu akarudi kuketi kando ya moto, akamrudisha mtoto kwenye titi kwa mkono wake mwenyewe.