Ufa Shingoni mwa Ndege

Kila siku baada ya masomo, Kidoti alivua sare, akavaa shati kuukuu lenye madoa ya rangi na kwenda kumsaidia shangazi yake, mchoraji wa kuta. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata kwa sababu ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake.

Kwa mwezi mzima walikuwa wakichora ukuta mrefu wa shule, upande wa barabarani. Walikuwa wamechora mto mpana wenye mianzi kandokando. Fundi viatu, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa ameegemea ukuta huo, hakuacha utani.

"Mama mchoraji, mto wenu huu utanilowesha suruali!"

"Basi jifunze kuogelea," shangazi alimjibu.

Jumatatu moja, shangazi alimwonyesha Kidoti nafasi kati ya mianzi. "Hapa ni pako. Chora unachotaka. Ila ukiona ufa, hata mwembamba kama uzi, niite."

Kidoti alichora ndege wa bluu mwenye shingo ndefu. Wiki nzima alimchora. Hakuwahi kuchora kitu kinachoonwa na mji mzima, na Jumamosi ya wiki iliyofuata wazazi wote wangekuja kutazama.

Jumatatu iliyofuata aliukuta ufa. Ulipita katikati ya shingo ya ndege. Kidoti alimtazama shangazi aliyekuwa juu ya ngazi mbali kidogo, akipaka mawingu. Akimwita, ndege angekwanguliwa, na Jumamosi pangekuwa na kiraka cheupe. Alichanganya chokaa na gundi, akauziba ufa, akapaka bluu juu yake. Hakuna aliyeona.

Jumanne ufa ulikuwa umerudi, nao ulikuwa umeshuka hadi kwenye bawa. Kidoti aliuziba tena. Kidole chake kilihisi ubaridi wa unyevu, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

"Siku hizi chai yangu ina mchanga," fundi viatu alinung'unika Jumatano, akichungulia kikombe chake. "Sijui ni upepo?"

Hapakuwa na upepo. Majani ya mti wa jirani yalikuwa yametulia tuli. Kidoti aliinamia kopo lake la rangi. Usiku huo hakula vizuri, na mama alipomuuliza kulikoni, alisema tumbo linamsumbua.

Alhamisi darasa lao lilitoka mapema. Alisogeza sikio ukutani, akasikia sauti ndogo ndani yake, kama ya mtu anayetafuna karanga. Kisha akautazama mto. Shangazi alikuwa ameuchora kwa mstari mmoja ulionyooka. Sasa, pale ufa ulipopita, mstari ulikuwa umekatika. Maji ya upande wa kushoto yalikuwa juu kuliko ya kulia kwa upana wa kidole.

Kengele ililia. Watoto wa darasa la kwanza walitoka mbio na kukaa chini ya ukuta, kama kawaida yao, wakisubiri kuchukuliwa. Mmoja aliegemeza kichwa chake kwenye bawa la ndege.

Kidoti alikimbilia ngazi. "Shangazi! Ndege wangu ana ufa."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Nilikuwa nauziba."

Shangazi alishuka. Alichomoa penseli kwenye kilemba chake, akaichomeka kwenye ufa. Penseli ilizama yote. Hakumgombeza. Uso wake ulikuwa umebadilika, na hilo lilimtisha Kidoti kuliko kugombezwa.

"Waondoe watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Wote. Wavushe barabara, taratibu."

Fundi viatu alisita. "Nina soli ya mtu hapa, gundi haijakauka."

"Itakaukia ng'ambo," shangazi alimjibu. "Tazama mto."

Fundi aliutazama mto, akaona ulipokatika. Alibeba vifaa vyake bila kutania.

Mwalimu mkuu alifunga njia kwa kamba, akamwita mwashi. Mwashi alichimba upande wa ndani, akatikisa kichwa. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya ardhi, na maji yalikuwa yakiula msingi kwa siku nyingi. "Asiusogelee mtu," alisema.

Ijumaa, katikati ya kipindi cha pili, dirisha la darasa lilitikisika. Kisha kikaja kishindo kirefu. Wanafunzi walipotoka, waliona vumbi na pengo la hatua sita. Matofali yalikuwa yamerundikana palepale fundi viatu alipozoea kukaa.

Kidoti mwenyewe alimwendea fundi na kumweleza yote. Fundi aliyatazama matofali. "Siku tatu nilikunywa chai pale," alisema, kisha akaendelea kushona kiatu. Kidoti alilia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ukuta ulijengwa upya mwezi uliofuata, bomba likiwa limeshatengenezwa. Siku plasta ilipokauka, shangazi alimkabidhi Kidoti brashi, lakini hakuiachia mara moja.

"Mimi nina kosa langu. Nilikuachia ukuta bila kuja kukagua. Lakini wewe uliona, mwanangu, ukafunika. Watu wanapotupatia ukuta wao tuuchore, wanaamini kwamba tukiona baya tutasema. Ungesema Jumatatu, ningekwangua ndege, ungekasirika, na ungemchora mwingine. Picha tunaweza kuirudia hata mara kumi. Yule mtoto aliyelaza kichwa kwenye bawa, tungemrudisha vipi?"

Kidoti alipitisha kidole kwenye plasta mpya, akitafuta ufa. Shangazi akaiachia brashi.