Koo la Chinami

Mashine ya kupasha maji ya kuoga ilikuwa na sauti ya mwanamke asiyejulikana, na kwa miaka sita hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuitilia maanani. Ikisema, "Maji yako tayari," mtu huitikia "haya" bila kujua anamwitikia nani. Alasiri ile Sanae alikuwa jikoni akimenya figili, mvua ya mji wa Tsuruoka ikinyesha kama iliyosahau kukoma, na mashine ikasema, "Maji yako tayari," kwa sauti ya Chinami.

Kisu kilimponyoka. Chinami alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa amekufa siku arobaini na sita zilizopita, akiwa na miaka minane.

Alikwenda bafuni akipapasa ukuta. Beseni lilikuwa kavu, hakuna aliyebonyeza kitu. Lakini hewa ilinuka dawa ya kikohozi, ile tamu ya watoto yenye harufu ya stroberi, na chupa ya dawa ile Sanae aliitupa kwa mkono wake siku waliyorudi kutoka hospitali. Huzuni ina vituko vyake, alijiambia, akarudi kwenye figili zake.

Jioni, wakila, alimdokezea mumewe.

"Baba Chinami, leo umesikia chochote?"

"Kama nini?"

"Mashine ya bafuni. Imeongea kwa sauti ya mtoto."

Mwanamume mwingine angemshika mkewe mkono, au angemwambia akalale. Toshiharu aliweka vijiti vyake vya kulia chini taratibu, macho yakamng'aa. "Ilisema nini?" aliuliza. "Neno kwa neno, Mama Chinami. Ilisema nini hasa?"

Hapo ndipo ubaridi ulipomwingia Sanae.

Toshiharu alikuwa mtafiti wa mifupa chuoni. Kazi yake ilikuwa kuchukua chembe ndogo ya mfupa na kuikuza kwenye maji ya dawa mpaka iwe mfupa mzima, wa kumtengenezea aliyevunjika. Tangu msiba, alikuwa amechukua likizo na kujifungia katika ghala la zamani nyuma ya nyumba, na kufuli kubwa mlangoni. Sanae alimwacha. Kila mtu na namna yake ya kulia, na baba yule hakuwa ametoa chozi hata moja. Siku tisa za mwisho mtoto alikuwa na bomba kooni, hawezi kutamka neno, akafa hivyo hivyo, bila kuaga. Mama aliangua kilio, na baba akawauliza madaktari maswali.

Asubuhi Sanae alipiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani. Chombo cha mifupa iliyosalia baada ya mwili kuchomwa kilikuwa pale katika kitambaa chake cheupe, kikingoja siku ya arobaini na tisa kiende kaburini. Alikifungua, akainua vipande vya fuvu vilivyokuwa juu. Chini yake palipaswa kuwa na mfupa mdogo wa shingoni, ule ulio kama mtu aliyeketi akisali, ambao ndugu wa karibu ndio huuokota majivuni kwa vijiti na kuuweka karibu na mwisho kabisa.

Haukuwapo.

Akakumbuka. Siku ile vijiti vilikuwa vinamcheza mkononi, na Toshiharu alimwambia kwa upole, "Niachie mimi, wewe fumba macho upumzike." Naye alifumba. Alimshukuru, hata! Kikulacho ki nguoni mwako, na chake alikuwa amekifulia nguo miaka kumi na mitatu.

Alikwenda hekaluni bila mwavuli. Mtawa Eshin, mzee mwenye masikio mazito, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma kikombe cha chai pembeni.

"Mpaka siku ya arobaini na tisa, mtoto yuko njiani," alisema. "Anayeitwa nyuma hawezi kuvuka."

"Lakini ile sauti, mzee mtawa. Ni yeye?"

"Ukiita jina muda mrefu, mwenye jina asipoweza kuitika, huitika mpita njia."

"Mpita njia gani?"

"Huyo tusimtaje ndani ya nyumba." Akainama mbele. "Kesho kutwa ndiyo siku yenyewe. Niletee mifupa yote, mwanangu. Ikibaki hata punje juu ya ardhi, yule mdogo atatangatanga, na huyo mwingine atapata pa kukaa."

Kesho yake mchana Sanae alichukua nyundo, akalipiga kufuli la ghala mpaka likaachia.

Mle ndani mlikuwa na joto la chumba cha mgonjwa, na harufu ya stroberi ilikuwa nzito kiasi cha kumkaba koo, na chini yake, imejificha kama mtu chini ya blanketi, ile harufu nyingine aliyoijua kutoka tanuri la kuchomea maiti. Na kwenye rafu, kutoka sakafuni hadi darini, vilipangwa visahani vya kioo vyenye maji ya waridi, na katika kila kisahani kiliketi kimfupa kidogo kikisali, vyote vya kimo kimoja, vyote vimeelekea mlangoni, na Sanae aliposogea hatua moja maji yote yakatetemeka kwa pamoja na sauti ya mwanawe ikatoka kila upande, juu, chini na nyuma ya masikio yake.

"Mama?"

Aligeuka huku na huku, akitafuta sauti imetoka kisahani kipi.

"Mama, mimi ni yupi?"

"Usiwaogope," Toshiharu alinong'ona nyuma yake. Alikuwa amesimama mlangoni, akilowa mvua. "Mfupa ule husikia kila neno mtu analosema maisha yake yote. Mimi nimeufundisha kukumbuka tu."

"Uliuiba mbele ya macho yangu."

"Ulikuwa umefumba."

"Kwa sababu nilikuamini, we mwanamume!"

"Punguza sauti, wanashtuka." Alikishika kisahani kilichokuwa karibu. "Nilitaka aage. Basi. Lile bomba lilimnyima. Nikasema aseme kwaheri mara moja, nami nitamrudisha mwenyewe."

"Na amesema?"

Toshiharu aliangalia sakafu. "Bado. Anasema kila kitu isipokuwa hicho."

Nywele zilimsimama Sanae. "Ule wa kwanza ni upi? Nionyeshe wa mwanangu."

Toshiharu alitazama rafu moja, kisha nyingine.

"Toshiharu!" Tangu mtoto azaliwe hakuwa amemwita kwa jina.

"Sijui," alisema, na sasa, baada ya siku zote zile, machozi yakamtoka. "Imekua sawasawa. Hata kwenye darubini sijui tena."

Kumwibia mama mfupa wa mwanawe ni jambo moja. Kuupoteza katikati ya bandia ulizozitengeneza mwenyewe, hilo halina jina. Sanae hakumpiga. Alitandaza kitambaa kikubwa, akaanza kumwaga sahani moja baada ya nyingine, na mumewe, akilia kama mtoto, akamsaidia upande wa pili. Kutoka ndani ya kitambaa ziliwasihi sauti mpaka fundo likakazwa.

Siku ya arobaini na tisa theluji ya kwanza ilianguka. Mtawa Eshin aliondoa jiwe dogo mbele ya kaburi, wakamimina mle mifupa ya chombo, kisha ya kitambaa kizima, ya kweli na ya bandia pamoja. Chini ya ardhi sauti ziliita, "Mama, Mama," moja juu ya nyingine, na mtawa ambaye pengine hakuzisikia alifumba macho akasoma. Zikapungua. Zikawa tatu, ikawa moja, kisha pakawa na theluji tu. Sanae alihisi kifua kikifunguka. Mwanangu amevuka, aliwaza, amekwenda.

"Mama."

Ilitoka ndani ya koti la Toshiharu, upande wa moyo, ndogo, yenye usingizi.

"Mama, sijaaga bado."

Sanae alimgeukia mumewe. Hakuhitaji kuuliza. Mkono wake ulikuwa umelibana lile koti, midomo ikicheza bila sauti: tafadhali, tafadhali. Alikuwa amemdanganya kwa mara ya pili, na machozi yale ya ghalani, nani ajue yalikuwa ya nini. Neno moja tu kwa mtawa lingetosha. Lakini siku tisa Sanae alikuwa ameketi kando ya kile kitanda, akiitazama midomo ile midogo ikihangaika kuzunguka bomba, na hajui mpaka leo ilitaka kusema nini.

"Mifupa yote imo?" mtawa aliuliza, mikono juu ya jiwe. "Mama mtu, ni wewe wa kujibu."

"Yote," alisema Sanae.

Jiwe likarudi mahali pake. Na ndani ya koti kitu kikacheka, polepole, kwa raha, na hicho hakikuwa kicheko cha Chinami.